Namba za Nyuma ya Kanisa

Aprili 2

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: namba zilizo kwenye daftari la maji la kijiji chetu nazitunga mimi.

Si zote. Za Septemba na Oktoba ni za kweli. Za Novemba ni nusu kwa nusu. Tangu theluji ya kwanza ianguke, sidhani kama nimefika kwenye kibanda cha klorini zaidi ya mara sita. Kila siku nikitoka shule natakiwa kupanda hadi kibandani, chini ya tangi, nikinge maji kwenye kichupa, nitie unga wa kupimia, nitikise, halafu nilinganishe rangi na zile za kwenye kisanduku. Maji yenye klorini yanageuka waridi. Yakikolea ni namba kubwa, yakififia ni ndogo, yakibaki bila rangi ni hatari kwa nyumba zote arobaini na moja za Ojo del Cuervo. Naandika namba, narudi nyumbani. Babu ananiuliza, "Waridi?" Nami namjibu, "Waridi, Babu."

Siku hizi sipandi. Nakaa nyuma ya kanisa, kwenye jiwe lililo karibu na bomba la mwisho, nasubiri dakika ishirini zipite, naandika 0.6. Siku nyingine naandika 0.5 ili isionekane kuwa mtu anacheza.

Naandika haya kwa Kiingereza kwa sababu Babu hakisomi, yeye anajua Kihispania tu, kama wazee wote wa hapa. Shuleni wanatufundisha kwa lugha mbili ili tupate marafiki wengi zaidi duniani, mwalimu anasema. Mimi nimepata mahali pa kujificha.

Aprili 3

0.6. Sikwenda.

Aprili 6

Nieleze vizuri, maana nikisoma tena ya juzi naonekana mvivu tu.

Babu yangu, Eluterio, ndiye mwangalizi wa maji wa kijiji tangu kabla sijazaliwa. Ana kadi ya serikali yenye picha yake akiwa bado na nywele. Hakuna mwingine hapa mwenye kadi hiyo. Lakini macho yake yameanza kufa upande wa rangi. Herufi anaziona, gazeti anasoma, uzi anatunga kwenye sindano. Rangi ya waridi ndiyo imemtoka. Kichupa chenye klorini na kisicho nayo kwake ni kimoja. Aliniambia mwaka jana, akiwa amenishika mkono kama anayeomba msamaha: "Wakijua watanichukulia kadi, Sela. Watatuletea mtu wa mjini asiyejua hata chemchemi iko wapi. Utaniazima macho yako mpaka umalize shule."

Nikamwazima.

Njia ya kibandani inapita mbele ya ua wa akina Archuleta. Pale wanakaa vijana wanne wanaotengeneza malori yasiyotengenezeka. Nikipita na kisanduku changu wanafungulia redio, wanapiga boneti kwa mikono kama ngoma. "Dokta wa Bomba huyo!" "Dokta, njoo unipime na mimi, nina homa!" "Mwacheni, anabeba mkojo wa babu yake!" Mtu mwingine angewajibu. Mimi nainamisha kichwa, na usiku nayasikia tena yote.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Nikiiandika inakuwa ndogo hivi.

Aprili 11

0.6. Upepo.

Aprili 17

Theluji ya mlimani inayeyuka kwa fujo. Babu amekwenda kwenye chemchemi na kurudi na tope hadi magotini. Anasema maji yanaingia kwenye boksi la saruji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe wa malisho ya juu wamevunja uzio tena. Ameufunga kwa waya. Ameongeza klorini.

"Waridi leo?" akaniuliza, anavua buti.

"Sana, Babu."

Akatabasamu. "Basi mashine inafanya kazi."

Aprili 22

0.7, kwa sababu Babu aliongeza. Naona nimekuwa hodari wa kufikiri kama maji.

Mei 5

Siku ya sampuli ya mwezi, ile inayopelekwa maabara mjini. Babu huikinga kwenye bomba letu la jikoni. Ni rahisi, na nyumba yetu ndiyo ya kwanza chini ya tangi. Amechoma mdomo wa bomba kwa kiberiti kama padri anayewasha mshumaa. Ya jikoni kwetu haijawahi kufeli.

Mei 9

Mzee Filadelfio amekuja. Mwaka huu yeye ndiye msimamizi wa sikukuu ya Mtakatifu Isidro, kwa hiyo anatembea kama amemeza ufagio. Nilijua amekuja kuomba nini, kwa sababu kila msimamizi huja kuomba hilo hilo wiki moja kabla.

"Eluterio, mwaka jana kahawa ya Mtakatifu ilinuka kama bwawa la kuogelea la hoteli. Shemeji yangu kutoka Pueblo aliniuliza taulo ziko wapi."

"Shemeji yako alikunywa vikombe vinne," Babu akasema.

"Kwa adabu! Na maharage je? Maharage ya klorini yanakataa kuiva. Hata marehemu mke wako alikuwa akilisema hilo, Mungu amweke pema."

Akitajwa Bibi, Babu huacha kubisha. "Siku ngapi?"

"Wageni wakishaondoka, tia hata ndoo nzima. Sisi tumezoea."

Nilikuwa naosha vyombo. Nilihisi Babu anageuka kunitazama mgongoni, nikajua kabla hajasema.

Mzee Filadelfio alipoondoka, Babu aliniketisha. Alisema pampu ya klorini iko kwenye tano, ataishusha hadi mbili mpaka sikukuu iishe. "Lakini sikiliza vizuri, mjukuu wangu. Miaka mingine theluji inakuwa imeshakwisha wakati huu. Mwaka huu maji bado yana tope, na tope linakula klorini. Kwa hiyo wiki hii utapima asubuhi na jioni. Ukiona waridi linafifia, hata kama ni kiasi cha kubishana, njoo mbio uniambie, hata kama nimembeba Mtakatifu begani. Nitamtua chini. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Bila wewe nisingethubutu."

Mei 10

0.4 asubuhi, 0.4 jioni. Nimeshusha kutoka 0.7 ili ilingane na alichofanya Babu. Nilijiona mwerevu.

Mei 11

0.4. 0.4.

Mei 12

0.4. 0.3. Mvua ya mawe mchana. Nilisema nitapanda baada ya mvua. Baada ya mvua nikasema kesho.

Mei 13

0.3. 0.3.

Mei 14

0.3 asubuhi. Jioni tumepamba kanisa, nimesahau hata kutunga. Nitaijaza kesho.

Mei 15

Sikukuu. Nimefurahi leo, naliandika kabla halijapita.

Tulimtoa Mtakatifu Isidro kanisani alfajiri, wanaume wanne wakambeba kuzunguka mashamba, na Babu alikuwa mmoja wao, bega la kushoto mbele. Kwenye kila mfereji tulisimama padri akarushia maji. Jirani yetu Crucita alikuwa nyuma yangu na mwanawe Tobías, mwenye miaka minne, aliyevaa buti za marehemu babu yake na kuanguka kila hatua ya tatu. Kila akianguka anasema, "Sijaumia! Sijaumia!" kabla mtu hajauliza.

Mchana tulikula uani pa kanisa: posole, yaani supu ya mahindi na nyama, maharage, nyama ya pilipili nyekundu, na jibini la mbuzi la Crucita, ambalo watu huanza kuliulizia tangu Pasaka. Mzee Filadelfio alipita meza hadi meza akisema, "Onjeni kahawa! Onjeni! Nani anasikia harufu?" Hakuna aliyesikia harufu. Watu walimpigia makofi Babu, naye akainuka na kuvua kofia.

Tobías alikula pilipili kwa ubishi akanijia akilia, ulimi nje. "Dada Sela, kuna moto! Kuna moto mdomoni!" Nikamchukua nyuma ya kanisa, kwenye bomba langu, karibu na jiwe langu. Akanywa kikombe kimoja, akaniambia moto haujazimika, akanywa cha pili. Cha tatu akajimwagia kichwani.

Mei 17

Tumbo langu linauma, na la Babu pia. Nusu ya kijiji wanakimbilia chooni na kulaumu nyama ya Filadelfio. Babu amepanda kurudisha pampu kwenye tano.

"Ilikuwa waridi wiki yote?" ameniuliza mlangoni, ameshika kofia.

"Wiki yote, Babu."

Mei 19

Leo tumbo limetulia. Kupitia uzio nilimsikia Crucita akimwambia mama yake mdogo kwa simu: Tobías anaharisha damu.

Mei 20

Sikwenda shule. Sikwenda kibandani. 0.6.

Mei 21

Walimpeleka Tobías zahanati asubuhi. Saa sita gari la wagonjwa likampeleka Albuquerque. Crucita alipanda nyuma na kandambili miguuni. Wanasema hajakojoa tangu jana. Wanasema ni figo.

Buti ziko barazani kwao, moja imesimama na moja imelala.

Mei 24, Jumapili

Kila mtu ameshapona isipokuwa yeye. Watoto ndio hukamatwa vibaya, muuguzi aliwaambia, kuna mdudu anayetoka kwenye kinyesi cha ng'ombe na mbuzi na akiingia kwa mtoto hushuka hadi kwenye figo.

Mbuzi. Niliona neno hilo linavyotembea uani baada ya misa, mdomo hadi mdomo.

"Mimi lile jibini sikuligusa," alisema mke wa Filadelfio.

"Uliligusa mara tatu, nilikuwa nimekaa nawe," mwenzake akamwambia.

"Nililionja. Kuonja si kula. Na nilisikia lina ladha ya zizi, nikanyamaza kwa heshima."

"Maskini, maziwa hachemshi. Mama yake pia alikuwa hachemshi."

"Mama yake alikuwa ananawa mikono, lakini."

Wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka, wakafanya ishara ya msalaba. Hakuna hata mmoja aliyetaja maji. Mmoja wao alikuwa anajaza chupa yake kwenye bomba la nyuma ya kanisa huku akizungumza.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Mtu mwenye haya hujifunza kusimama mahali bila kuonekana. Ningeweza kusema maneno matatu tu. Nikainamisha kichwa kama mbele ya ua wa akina Archuleta.

Mei 26

Amekuja mtu wa serikali kutoka ofisi ya maji. Kijana, mpole, viatu vipya. Alikinga maji jikoni kwetu, akakinga kanisani, akapima: waridi kote. Bila shaka waridi. Pampu iko kwenye tano tangu tarehe kumi na saba.

Kisha akaomba daftari. Alikaa kwenye kiti changu akafunua kurasa zangu moja moja, kidole kikishuka na safu ya namba. Nikasimama karibu na jiko. Nilikuwa naomba aone. Naapa nilikuwa naomba. Nilitazama kidole chake kikipita tarehe kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye tarehe kumi na nne kuna namba ya jioni niliyoijaza siku mbili baadaye kwa kalamu nyingine. Kidole kikapita.

"Ilishuka kidogo wiki ya sikukuu," aliniambia kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Babu.

Babu alikohoa. "Mwambie niliipunguza kidogo. Mwambie lakini tulikuwa tunapima mara mbili kwa siku."

Nikamwambia.

"Sheria inataka isipungue 0.2, na ninyi hamjashuka chini ya 0.3," akasema yule kijana. "Vijiji vingine wananiletea daftari lenye madoa ya kahawa na wiki tatu tupu. Hili ni safi. Nani ana mwandiko huu mzuri?"

Aliuliza huku akininyooshea kidole, na Babu akaelewa bila tafsiri. Akaniwekea mkono kichwani.

Mei 28

Majibu ya maabara yamekuja kwa simu. Maji ni salama.

Nilikuwa bado na tumaini moja, kwamba maji yatasema yenyewe. Sasa maji nayo yamenyamaza. Dalili zote zimeshapita kwenye mabomba na kumwagika mashambani. Kilichobaki ni mimi.

Juni 1

Tobías amefariki leo asubuhi.

Juni 2

0.6.

Juni 4

Tumemzika. Jeneza lilibebwa na watu wawili, lingeweza kubebwa na mmoja.

Baada ya makaburini watu walirudi ukumbini, kila nyumba ilileta chakula kama kawaida. Crucita hakuleta kitu, mfiwa haleti, lakini dada yake alikuwa ameweka mezani mkate wa nyumba ya Crucita. Niliutazama ule mkate mchana kutwa. Watu walikuwa wanapita na sahani, wanachukua cha kushoto, wanachukua cha kulia. Ulibaki mzima. Saa kumi Crucita mwenyewe akainuka, akaufunika kwa kitambaa, akautia chini ya mkono, akaondoka nao.

Nilikunywa kahawa. Ilinuka klorini sana.

Juni 7

Lori la mnadani limewachukua mbuzi wake wote kumi na mmoja. Yule mkubwa mwenye kengele hakutaka kupanda. Babu alikwenda kusaidia, na aliporudi alikaa kwenye ngazi bila kuvua kofia.

"Nilimwambia: Crucita binti yangu, mbuzi hawana kosa, hao ni kazi yako. Akaniambia, 'Mzee, mikono iliyokamua ni hii. Na iliyomlisha ni hii. Nikiwaona kila asubuhi nitakuwa nafanya nini?'"

Nikamuuliza Babu anafikiri ni jibini kweli.

Akaivua kofia. "Nafikiri," akasema, "kama si jibini, basi ni nini?" Akanitazama. Mimi nikatazama zizi.

Juni 10

Lazima niandike haya yote, hata mkono ukiuma.

Crucita alikuja leo na bahasha kubwa. Hodi yake ni ndogo siku hizi, kama ya mtu anayeomba samahani kwa kuwa na mkono. Ofisi ya afya imemtumia fomu ya kurasa sita kwa Kiingereza, kuhusu kila kitu Tobías alichokula na kunywa siku saba kabla ya kuugua. Watu wa hapa huniletea karatasi zao nisome, bima, shule, korti. Nisipotazamwa usoni naweza kufanya kazi vizuri.

Tukakaa mezani. Amekonda hadi pete inazunguka. Nilikuwa nasoma swali, nalitafsiri, anajibu, naandika.

Nyama mbichi? Hapana. Mayai? Ya kuku wake, ya kuchemsha, Tobías hali kiini, anampa mbwa. Alisema "hali", si "alikuwa hali". Matunda? Tufaha la kopo. Mahali walikokwenda? Kanisani, shambani, kanisani.

Swali la kumi na nne lilikuwa maji. Ya kunywa yametoka wapi, yametiwa dawa, unadhani yanaweza kuwa na tatizo. Nililisoma kimoyomoyo mara tatu.

"Linasema nini, mwanangu?"

"Maji," nikasema. "Wanauliza kuhusu maji."

"Ah, hayo andika haraka tupite. Andika ya bomba. Andika Mzee Eluterio ndiye anayeyaangalia na wewe ndiye unayeyapima kila siku, nakuona ukitoka na kisanduku chako. Yule kijana wa serikali aliniambia daftari lenu ni safi kuliko yote aliyoyaona." Akagusa mkono wangu. "Wasije wakawasumbua ninyi kwa ajili yangu."

Niliandika. Kalamu iliandika. Kwenye kisanduku cha "hapana" nilitia alama ya vema.

Swali la kumi na tano lilikuwa maziwa na vitu vya maziwa. Alinyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa jina lake kortini.

"Hapo niandikie vizuri. Niandikie kwa herufi kubwa. Jibini la mbuzi, nimelitengeneza mimi, maziwa sikuchemsha. Mama alikuwa hachemshi, bibi alikuwa hachemshi, mimi mwenyewe nimekua kwa hilo. Waandikie kwamba alikula kipande usiku wa tarehe kumi na nne, na asubuhi yake kipande, akaomba cha tatu nikampa kwa sababu nilifurahi anapenda." Sauti yake haikutetemeka. Hilo ndilo lililoniogopesha. "Umeandika 'nilifurahi'?"

"Hakuna nafasi ya hilo, Crucita."

"Liandike pembeni."

Nikaliandika pembeni.

Wanataka pia tarehe kamili ya kukamua. Anaziandika kwenye kalenda yake ya ukutani, hakukumbuka kuja nayo. "Nitakuja Jumamosi nikishafua, tujaze hiyo, nitie sahihi, yaishe." Mlangoni akageuka. "Ulimpa maji siku ile alipokula pilipili. Aliniambia. Alisema Dada Sela amezima moto. Sijakushukuru."

Juni 12

Babu amezungumza leo, bila kuulizwa. Alikuwa anamenya viazi na mgongo wake uko kwangu.

"Nimekuwa naifikiria ile mbili. Ile niliyoshusha. Usiku naizungusha kichwani, mbili, tano, mbili, tano. Halafu najiambia: lakini Sela alikuwa anatazama. Kama waridi lingekwisha angekuja mbio. Hakuja. Kwa hiyo si maji." Akaosha kiazi kilichokuwa kimeshaoshwa. "Isingekuwa macho yako, nisingekuwa na uso wa kumtazama Crucita njiani."

Yaani Babu amesimama juu yangu. Na mimi hakuna nilichosimamia.

Nimefikiria kusema uongo mpaka mwisho. Nimeuona ulivyo: fomu inatiwa sahihi, inawekwa kwenye kabati huko mjini, Babu anazeeka akiwa na uso wake. Mwakani Mzee mwingine atakuja kuomba kahawa isinuke. Na ng'ambo ya uzio mwanamke anakufa polepole akiamini mikono yake imemuua mtoto wake, na hata mkate wake haugusiki. Nimefikiria pia kusema. Hakuna upande ambao Tobías anarudi.

Juni 13, Jumamosi, asubuhi

Nimepanda kibandani. Sikuwa na sababu, pampu iko kwenye tano. Nilitaka tu mara moja namba iwe ya kweli.

Kwenye ua wa akina Archuleta nikashika kisanduku kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Hakuna redio. Hakuna mtu. Geti lina kufuli, na magugu yamefika magotini kwenye matairi. Kuna kipande cha boksi kimefungwa kwa waya: "Tumekwenda kuzima moto misituni, malori yenu mpaka Septemba, msitutukane." Chini yake kuna tarehe. Mei 2.

Mei 2.

Tarehe kumi njia ilikuwa tupu. Tarehe kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mimi nimekaa kwenye jiwe nyuma ya kanisa, nawakimbia watu ambao hawakuwepo.

Nilifika kibandani, nikakinga maji, nikatia unga, nikatikisa. Waridi zuri sana. 0.8. Nililia mpaka likafifia.

Juni 13, mchana

Kuanzia mstari huu naandika Kihispania.

Crucita, haya ni kwa ajili yako, kwa sababu mdomo wangu utashindwa, naujua. Kurasa za nyuma ni za Kiingereza. Nitakutafsiria zote, neno kwa neno, kama ninavyokutafsiria barua zako. Lakini hili lisome mwenyewe.

Si jibini. Siwezi kulithibitisha, hakuna anayeweza tena, ila mimi najua. Wiki ya sikukuu klorini ilishushwa ili kahawa isinuke, na theluji ilikuwa inaleta tope na kinyesi cha ng'ombe wa juu. Babu aliniambia nipime asubuhi na jioni. Sikupima hata mara moja. Tangu baridi ianze nimepima mara chache tu. Zile namba ambazo kijana wa serikali alizisifu nilizitunga nikiwa nimekaa nyuma ya kanisa. Babu hajui. Haoni waridi, nilimwazima macho yangu, kisha nikayafumba. Kama kuna wa kulaumiwa kwa ile mbili, ni yeye kwa siku moja na mimi kwa siku zote.

Vikombe vile vitatu nilivijaza mimi.

Usitie sahihi fomu. Swali la kumi na nne nimelifuta, nimeandika upya. Lile neno lako la pembeni nimeliacha.

Nilikuwa nimepanga kukupa daftari hili na kukimbilia shambani. Lakini nasikia geti. Nyayo ni za watu wawili: kandambili zako, na buti za Babu zinazokuja taratibu, ameamua kukusindikiza, nadhani amekushika mkono mahali palipo na mawe. Anasema kitu, nawe umejibu.

Siku zote ninaposikia buti hizo naliingiza daftari chini ya kopo la unga wa mikate. Kopo liko hapa mkononi. Fomu iko kulia kwangu. Wamefika barazani, Babu anakung'uta tope. Atauliza tu, kama kila siku, "Waridi?"

Kopo nimelirudisha kwenye rafu. Daftari liko wazi mezani, upande wa kiti utakachokalia, kwenye ukurasa huu wa Kihispania.